Msafiri Haitwi Nyuma

Goba nzima ina midomo, lakini habari za yule mpangaji wa chumba cha uani lazima mniulize mie. Haya. Hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, huku anabonyeza matairi ya baiskeli kwa kidole gumba, kisha anafungua mizigo aliyoifunga jana na kuifunga upya: hema, jiko, sufuria, spoku za akiba, madumu mawili ya maji. Mikono ilimnuka grisi hata akitoka kuoga. "Braza, jangwa la Turkana halikimbii," wapangaji wenzake walimtania. "Mie ndo nakimbia," anajibu, tayari kashika bisibisi.

Asubuhi aliyoondoka alisahau dumu moja bombani. Tuliliona sote, na sote tukanyamaza, maana msafiri akishatoka haitwi nyuma, ni mkosi. Na huko Turkana aendako barabara ni mchanga na mawe, siku mbili hakuna kisima. Nikalibeba mie, na magoti yangu haya. Nikamkuta kilimani anasukuma, nikampita bila neno, nikasimama mbele ya gurudumu.

"Shikamoo bibi. Dah! Nililikumbuka tangu kule chini."

"Marahaba. Sasa mbona hukurudi?"

Akainama, na kwa mara ya kwanza miguu yake ikatulia. "Ningerudi, bibi, nisingeondoka tena."

Akalifunga dumu, akaenda zake. Nimeshasimulia. Nawe ukisikia habari yake, nzuri au mbaya, niletee hapa hapa, wala usiipambe.