Wakorea wa Chumba cha Kuchuja

Saa sita na nusu mchana, mashine ya kufunga vifuniko ikizimwa, wanawake wa kiwanda kimoja cha asali mjini Tabora hunawa mikono hadi viwikoni, kisha hukaa juu ya ndoo zilizogeuzwa. Simu ya Mwanamkuu huegemezwa kwenye pipa tupu. Wana dakika arobaini. Sehemu moja ya sizoni yao, tamthilia ya Kikorea, huchukua saa nzima, kwa hiyo hawajawahi kumaliza sehemu moja kwa siku moja. Ugomvi mkubwa pale kiwandani huzuka pale mtu anapokwenda kuangalia kipande kilichobaki peke yake nyumbani, akarudi asubuhi na siri usoni.

Anayekatazwa zaidi kufanya hivyo ni Recheli, kwa sababu hawezi kuficha. Akijua kinachokuja, hucheka kabla.

Recheli ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa Usoke, binti wa mzee wa kanisa la Moravian aliyelima tumbaku kwa ajili ya ada za shule na kutundika mizinga ya nyuki kwa ajili ya moyo wake. Jioni baba alikuwa akiwapa watoto asali kwenye ncha ya kijiti na kuwauliza imetoka wapi, bondeni au mlimani, kwenye maua ya mitundu au ya migunga. Aliyekosea aliosha ndoo. Recheli aliosha ndoo mwaka mmoja tu. Darasa la saba alifaulu, lakini nafasi ya sekondari iliyokuwepo nyumbani ilikuwa moja, akapewa kaka yake. Watu hulisema jambo hili kama wanavyosema kwamba mwaka fulani mvua ilichelewa. Mvua haina aliyeamua. Hili liliamuliwa, mezani, na watu waliompenda, na nchi nzima imejaa wanawake walioamuliwa hivyohivyo.

Aliolewa mjini na fundi baiskeli wa mtaa wa Ng'ambo, akazaa watatu, wa kwanza Valentino, na miaka tisa iliyopita akaingia kiwandani kubandika lebo. Hakubandika muda mrefu. Siku moja alipita mlango wa chumba cha kuchuja, akasimama, akasema kuna ndoo humo imeanza kuchacha. Walicheka. Walipofungua ndoo ya nne walikuta povu. Tangu hapo akahamishiwa humo, mahali ambapo asali kutoka vijijini hupokewa, hunuswa, hupimwa na kuchujwa. Asali iliyovunwa kabla nyuki hawajafunika masega huwa na maji mengi, na ndoo moja ya namna hiyo ikiponyoka huharibu pipa zima.

Katika miaka hiyo tisa chumba kilipata wasimamizi watatu. Wote walikuja na vyeti, wote walikuwa vijana wenye adabu, na wote walimuuliza Recheli kila kitu kwa miezi sita, kisha wakahamia kwenye ofisi zenye feni. Yeye alibaki kibarua. Kibarua hana likizo, na akiugua hana kazi.

Sasa ile sizoni. Mwanamkuu ndiye aliyeileta. Ni mwanamke wa mjini haswa, ukoo wake uko Tabora tangu enzi za misafara, na ulimi wake haujawahi kukaa bila kazi. Aliwekewa kwenye memori kadi na kijana mmoja wa duka la muvi pale sokoni, ikiwa tayari imetafsiriwa, yaani kuna mtu wa Dar aliyeongea Kiswahili juu ya sauti za Wakorea wote, wanaume, wanawake na vikongwe, kwa koo moja. Mtafsiri huyo haogopi kuongeza chumvi. Mkurugenzi wa Seoul akikasirika, utamsikia akiwaambia wafanyakazi wake kwamba wanamzingua.

Hadithi yenyewe ni ya kampuni inayotengeneza majiko ya umeme ya kupikia wali. Humo kuna dada anaitwa Hani, anayekaa chumba cha chini kabisa akipokea simu za wateja wanaolalamika. Mabosi humkwepa kwenye lifti kama anayeugua surua. Kuna bosi anayejifanya anaongea na simu kila akimwona, na siku moja simu hiyo ikalia akiwa ameiweka sikioni. Recheli alicheka siku hiyo mpaka akadondoka kutoka kwenye ndoo.

Alikuwa ameona muvi nyingi maishani, za wachawi, za wapenzi, za majumba yenye mageti makubwa. Hakuwahi kuona kazi. Hakujua kwamba mtu anaweza kukaa akatunga kisa kuhusu mashine ya karatasi iliyokwama, kikao kisichoisha, bosi anayelala macho wazi, na kwamba mambo hayo, yanayomchosha mtu siku nzima, yakiwekwa kwenye kioo huchekesha hivyo na kuuma hivyo. Wakaanza kupeana vyeo vya Kikorea. Mwanamkuu akawa Mwenyekiti. Masolwa, Msukuma mpakiaji anayebeba mapipa, akapewa cheo cha Mkurugenzi wa Lifti, ingawa kiwanda hakina hata ngazi. Asubuhi waliinamiana mlangoni, kwa kukunja kiuno, kisha ndipo wakaamkiana shikamoo na marahaba za kweli.

Meneja hakuwa anajua lolote kuhusu haya. Bwana Chilongani, Mgogo wa Mpwapwa, alikuwa amefika Januari. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaletea glavu mpya wiki ya kwanza, na alisalimia kila mtu. Lakini alifunga vifungo vya shati mpaka shingoni na hakucheka, na kwa hiyo ilitokea ajabu moja ambayo ingewashangaza mababu: miezi mitano Mgogo alikaa katikati ya Wanyamwezi na hakuna aliyemtania. Watani wa tangu enzi za misafara wakaishi kama wageni hotelini.

Mwezi Juni, mavuno ya asali yakiwa yamepamba moto, msimamizi wa tatu aliondoka. Tangazo likabandikwa mlangoni: anatafutwa msimamizi wa chumba cha kuchuja, ajira ya kudumu, sifa ya kwanza cheti cha kidato cha nne. Kikao cha kulijadili kingekuwa Ijumaa, na baada ya hapo majina yangepelekwa makao makuu Dar.

Recheli alilisoma tangazo mara mbili, akaenda kuosha chujio. Mwanamkuu alimfuata na kumwambia kwamba asiponena Ijumaa, Jumatatu atakuwa anamfundisha mtu wa nne.

Ilitokea kwamba Jumatano hiyo walimaliza sehemu ya kumi na nne. Hani anapanda hadi ghorofa ya juu kabisa, anaingia kwenye kikao cha wakurugenzi bila kuitwa, anainama mpaka mgongo unakuwa meza, na bado akiwa ameinama anawasomea malalamiko ya bibi kizee ambaye jiko lilimuunguzia wali wa kumbukumbu ya mumewe. Wakurugenzi wanalia. Mmoja anaanza kupiga makofi, wote wanafuata. Wanawake wa asali nao walilia, na Recheli akafuta macho kwa mgongo wa mkono akasema ndivyo atakavyofanya.

Alhamisi wakafanya mazoezi katikati ya mapipa. Mwanamkuu alihesabu: moja, mbili, tatu, usiinuke bado. Masolwa akipita na toroli aliuliza kama kuna mtu wa kuombewa.

Ijumaa, chumba cha kikao kilikuwa na watu kumi na wawili. Bwana Chilongani alisoma tangazo, akauliza kama kuna swali. Recheli akasimama, akasogea mbele ya meza, akaweka mikono pajani na kuinama mpaka chini. Moja. Mbili. Tatu.

Kisha kiti kikasogea.

"Mama Valentino, umedondosha nini?" meneja aliuliza kwa upole, naye akainama upande wa pili wa meza kumsaidia kutafuta.

Wakatazamana chini ya meza, wote wawili wameinama. Nyuma yao mtu akashindwa kujizuia, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Masolwa alitoka nje akacheka huko. Maneno yote ambayo Recheli alikuwa ameyapanga, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu, yalimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alijua kwamba akirudi kukaa wakati huo, amemaliza. Ingebaki kuwa kisa cha kuchekesha cha mama aliyeinama, na nafasi ingekwenda kwa mtu wa nne.

Akanyanyuka. Bwana Chilongani naye akanyanyuka, akipangusa goti. Na Recheli akamwona upya, labda kwa sababu ya lile vumbi gotini: hakumwona meneja, alimwona Mgogo. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa na haki ambayo hakuitumia. Mtani husema lisilosemeka, na anayekasirika ndiye mwenye aibu.

"Nimedondosha ushuru, Mgogo," alisema. "Babu zangu walipita kwenu wakienda pwani na mizigo mabegani, mkawatoza nguo na shanga kwa kila kisima, hata maji ya kunywa mliwauzia. Wakalipa, maana walikuwa kwenu. Leo mimi niko kwetu, sijabeba pembe za ndovu, sijavuka hata mto, na bado Mgogo amekaa mlangoni ananidai cheti ili niingie chumba nilichomfundishia kila msimamizi aliyepita."

Hakuna aliyecheka. Mwanamkuu alishika mkono wa jirani yake.

Bwana Chilongani alikaa. Alifungua kifungo cha juu cha shati, polepole, kisha akasema, "Mnyamwezi amelala miezi mitano. Nilidhani Tabora watani wangu mmekufa wote, nikaanza kutafuta makaburi."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha aina nyingine. Lakini yeye alinyoosha kidole. Alisema msafara haukupita Ugogo kwa maneno matupu, mizigo ilifunguliwa ikaonekana, basi na afungue wa kwake. Akamtuma Masolwa, aliyekuwa amerudi mlangoni, alete ndoo tatu zilizofika asubuhi, ambazo hazijaandikwa chochote, na kile kipimo kidogo cha kioo kinachoonyesha maji kwenye asali. Recheli angeonja kwanza, kipimo kingefuata.

Ya kwanza aliisugua kati ya vidole, akaonja, akasema imeiva, maji kama kumi na nane kwa mia, na imetoka upande wa Bukene, ina migunga. Kipimo kikasoma kumi na nane. Daftari la mapokezi likasema Bukene. Ya pili aliinusa tu na kukunja uso. Alisema hii haina haja hata ya kuionja, imevunwa mbichi, na mvunaji alitumia moshi mwingi kwa uoga. Ina maji zaidi ya ishirini na mbili. Kipimo kikasoma ishirini na tatu, na meneja aliyeonja kuhakikisha akatema kwenye leso. Ya tatu aliisifu. Imeiva vizuri, kumi na saba, kazi ya mtu anayejua nyuki, bila shaka wa Ulyankulu.

Kumi na saba kamili. Lakini daftari lilisema Usoke.

"Hajui asali ya kwao," Bwana Chilongani alisema kwa furaha ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo. "Watu wangu, andikeni hili. Hajui asali ya kwao."

Recheli mwenyewe alicheka mpaka akashika meza, akasema baba yake angemwoshesha ndoo zote za kiwanda. Meneja alipotulia, aliongea kama meneja. Alisema kilichotakiwa pale ni kujua maji na moshi, navyo amevijua mara tatu kwa tatu. Mahali ilipotoka, daftari lipo. Lakini sharti la cheti hakuliandika yeye, na hana uwezo wa kulifuta. Angeweza mambo mawili: kumweka akaimu kuanzia Jumatatu, na kuwaandikia makao makuu barua ya kuomba sharti lile libadilishwe, akieleza kwa tarakimu mapipa mangapi yameokolewa na pua ya mama huyu.

Barua ilikwenda. Majibu yalichukua wiki saba, na katika wiki hizo Recheli alikuwa msimamizi nusu, mwenye funguo za chumba bila jina kwenye orodha ya waajiriwa. Kuna siku mfanyabiashara mmoja alifika na ndoo arobaini kwenye lori, akaambiwa kumi na moja zirudi, akadai kuongea na mkubwa. Recheli alimwambia mkubwa ndiye huyu, akaandika idadi kwenye daftari kwa mwandiko wake wa duara, wa darasa la saba, unaosomeka kuliko wa wenye shahada wengi ninaowafahamu.

Majibu yalipofika, Bwana Chilongani aliyasoma mlangoni mwa chumba cha kuchuja bila kumwita ofisini. Sharti halikufutwa lote. Liliongezwa maneno: cheti cha kidato cha nne, au uzoefu wa miaka mitano kiwandani unaothibitishwa kwa jaribio. Recheli akasaini mkataba wake juu ya pipa, kwa sababu hakutaka kusubiri meza. Mwanamkuu aliomba arudiwe yale maneno kuhusu miaka mitano. Yeye ana saba, chumba cha kufungasha. Aliyeketi karibu naye ana sita. Bwana Chilongani alihesabu mikono iliyonyooshwa, ilikuwa minne, akasema hatakuwa na asali ya kutosha kwa majaribio yote hayo, na kwamba Wanyamwezi ukiwafungulia njia hawajui kupita mmojammoja.

Wakamwambia aandike majina.