Panya Wasiosikia Yowe

Mimi sijui kukaa. Hata kanisani hutafuta sababu ya kutoka nje, na mdogo wangu husema nilizaliwa na siafu ndani ya nguo. Kwa hiyo kazi niliyopata Arua Hill ilinifaa: kuhudumia panya wa maabara, kwenye nyumba ya bati nyuma ya ofisi za zamani. Unabadilisha pumba za mbao, unajaza maji, unapima uzito, unaosha masanduku, halafu unaanza upya.

Panya wenyewe ni weusi, wa aina mbili, na kwa macho tu huwezi kuwatofautisha. Wote wanakula, wanagombana, wanazaana. Ila kundi moja limeondolewa jeni moja tangu enzi za mababu zao. Daktari anayesimamia maabara alinieleza siku ya kwanza, nami nikajieleza upya kwa mambo ya kwetu Abuku. Mdudu wa ugonjwa akiingia mwilini, seli moja hupiga yowe, na yowe hilo ndilo wanaloliita interferoni. Seli za jirani zikilisikia, zinatoka na mikuki. Kwa panya wa kundi lile yowe linapigwa kama kawaida, lakini seli zao hazina sikio la kulipokea. Basi zinalala tu, na mdudu anapita nyumba hadi nyumba.

Wakati fulani tuliwachoma wote vijidudu vya chanjo ya kifua kikuu, ile ile wanayochomwa watoto wachanga begani. Vijidudu hivyo ni hai ila vimepunguzwa nguvu, na mtoto wa kawaida hubaki na kovu dogo, basi. Panya wa kawaida hawakujali. Wale wengine walianza kukunja mgongo, manyoya yamesimama. Nilimshika mmoja nimpime uzito, kidole changu kikagusa tezi iliyovimba, nikawakumbuka watoto wa mdogo wangu.

Mdogo wangu ameolewa Koboko, kwenye familia ya wafanyabiashara waliotoka Kongo. Alikuwa amezika watoto wawili, wote wachanga, wote wamevimba kwapa la kulia, upande wa sindano. Watu walisema mengi kumhusu, mengine siwezi kuyaandika bila kutukana. Na wiki ile alikuwa amejifungua wa tatu.

Nilimwambia daktari kabla hata sijavua glavu. Hakunicheka. Alisema panya si mtoto, nisimpime mtu kwa panya. Lakini ndugu wawili kufa namna ile, alisema, ni sababu tosha ya kungoja na sindano mpaka damu ya huyu mchanga ipimwe. Akaanza kupiga simu Kampala. Mimi nikapiga Koboko, simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, na tena, nikiyazunguka masanduku, mpaka daktari akaniambia niende kabla sijawatia panya wake wazimu.

Nilikodi pikipiki na kumsumbua dereva njia nzima. Nilimkuta mdogo wangu peke yake ndani. Kwao mzazi hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, kwa hiyo shughuli zote za mtoto hufanywa na bibi yake, mama wa mume.

"Mama iko kliniki na yeye," alisema. "Kwa sindano. Dada, nini?"

Nilikimbia.

Pale kliniki kuna jambo ambalo sisi wanawake hulilalamikia kila mara. Nesi hafungui kichupa cha chanjo hiyo kwa watoto wachache, maana kikishafunguliwa, kinachobaki lazima kimwagwe. Unakaa na kichanga wako mpaka benchi lijae. Siku hiyo ningeweza kulibusu benchi lile. Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa bado amekaa, mtoto mapajani. Lakini nyuma yangu aliingia mwanamke mwingine na mchanga wake, nesi akahesabu kwa macho, akaliendea sanduku la barafu.

"Mama, hii mtoto hapana choma leo," nilisema.

"Juu ya nini? Mutoto bila sindano atakufa! Watu watasema siye hatuna akili."

Nikaanza habari za jeni na panya, mbio mbio, bila mpango.

"Panya?" Alinitazama toka juu mpaka chini. "Unalinganisha mujukuu yangu na panya?"

Benchi zima likacheka, na walikuwa na haki. Nesi alikuwa ameshashika kichupa. Nikawaacha panya.

"Mama, wale wawili, nani alikuwa naosha wao?"

"Ni miye."

"Uvimbe ilikuwa wapi?"

Aliinua mkono anionyeshe. Mkono ukaenda chini ya kwapa lake mwenyewe, la kulia, ukabaki hapo.

"Na ya pili?"

Alimfunika mtoto, akainuka, akatoka. Nesi, ambaye alikuwa amesikia yote, alisema, "Kama iko hivyo, ngoja daktari," akamwita mwenye zamu.

Nilimkuta mama mkwe uani, ameegemea ukuta.

"Basi ni miye niliwapeleka," alisema. "Wote wawili. Kwa mugongo yangu."

Mimi ninayejulikana kwa mdomo, nilimwambia kila kitu kwa mpigo: kwamba sindano ile huwakinga watoto karibu wote, kwamba alifanya lile ambalo bibi mwema hufanya, kwamba hakuna aliyejua. Aliitikia tu, ee, ee, machozi yakimtiririka.

Damu ilipelekwa Kampala, na kutoka huko nje ya nchi. Kungoja kulinimaliza. Nilibadilisha pumba ambazo hazijachafuka. Hatimaye daktari wa maabara aliniita. Mtoto alikuwa na nakala moja mbovu ya jeni ile na moja nzima, na nzima moja inatosha kusikia yowe. Wale wawili, alisema, yaelekea zao zote mbili zilikuwa mbovu. Huyu achomwe, bila wasiwasi.

Nilipofika Koboko na habari hiyo, mama mkwe alishika jembe, eti anakwenda shambani.

"Miye hapana," alisema. "Muende nyinyi."

Mdogo wangu hakubishana. Alichukua jembe, akaliweka chini, akamweka mtoto kwenye mgongo ule ule wa mkwewe na kukaza kitenge. "Wewe ndiyo utabeba yeye, Mama."

Tukaenda sote. Nesi alisema watoto hawajatosha, tusubiri. Nikaanza kwenda na kurudi mlangoni. Mama mkwe alikuwa amemgeuza mtoto kifuani, mkono wake ndani ya kitenge, akipapasa kwapa la kulia, anaacha, anapapasa tena.

"Kaa, mwanangu," aliniambia. "Kaa hapa na miye."

Nikakaa.