Mazoezi ya divorsi mu kanisa

Musinicheke mbele nimalize.

Nilichoka na bwana yangu Ilunga. Akitoka kuchimba madini kule Kamatanda, anapanda mu kitanda na bote za matope mu miguu. Nikasema basi, naenda tribinali, juji atuachanishe. Avoka wa kunitetea sina, nitajisemea minye mwenyewe mbele ya juji.

Lakini kujisemea kunaomba mazoezi, na nyumbani majirani wanasikia kila kitu. Nikafikiri kanisa yetu. Katikati ya juma, saa ya maombi, kila muntu anapiga kelele yake macho yamefungwa, hakuna anayesikiliza mwenzake. Ilunga naye anafanya protokole siku ya Mungu tu, anashika wenye kuanguka wakiombewa. Siku zingine iko Kamatanda.

Nikafunga macho, nikaanza kama vile juji iko mbele yangu: "Mukubwa, huyu ananitesa! Ananichafulia mashuka! Anakula mpaka bukari ya batoto! Simutake tena mu nyumba yangu!"

Nikapata moto kabisa. Kumbe wengine walikuwa wamenyamaza, wananisikiliza. Mukono ya pasta ikatua juu ya kichwa yangu, na mikono mingine ikanishika mugongo nisianguke.

"Mama Kabwe, huyu mwenye kukutesa, jina yake nani?" pasta akapiga kelele. "Mutaje, atoke!"

"Atoke!" kanisa yote ikaitika.

Minye akili ilikuwa imekwisha kufika tribinali, nikaona ni juji ananiuliza. Nikajibu kwa nguvu: "Ilunga! Bwana yangu Ilunga!"

Kumbe mvua ilikuwa imejaza mashimo ya Kamatanda, hakuna aliyechimba siku ile.

"Minye, Mama Kabwe?" sauti ikauliza polepole nyuma ya mugongo yangu.

Halafu akaniachilia, nikaanguka chali.