Treni Imefika Natta

Jamani wa darasa letu, leo treni imefika Natta!

Tulikuwa wasichana watatu kwenye usaili wa ukarani, kambi ya watalii. Tukaambiwa tuandike kwa Kiingereza kuhusu kijiji chetu cha ujamaa, Natta.

Sote tukaandika ile insha ya mwalimu tuliyokariri: safari ya treni kwa mjomba mwenye upara.

Ndugu meneja akasoma zote. "Mabinti, Natta kuna reli?"

"Hapana. Shikamoo," nikajibu. (Aibu!)

"Na mjomba huyu ana wapwa wangapi?"

Akatupatia karatasi nyingine tuandike upya. Wenzangu wawili wakapanda treni tena.

Mimi nikaandika nilivyokuja peku, viatu mkononi visishike vumbi, nikavivaa langoni.

Akasoma, akachungulia miguu yangu. "Jumatatu anza kazi."

Nyie mnaorudia mtihani, bado mko kwenye ile treni? Shukeni!