Siku Nilipoosha Gari la Umeme Kwenye Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini hapa Marekani, kule Oxon Hill, meneja wa zamu alinipa ufunguo wa gari, ndoo na brashi, akasema, "Anza na unachokijua." Mimi shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nililichungulia dirishani, lakini kuosha gari hunifundishi. Morogoro nilikuwa nang'arisha basi la abiria mpaka ndege wanashuka kujitazama, wanapanga manyoya, wanaondoka. Basi nikaosha. Meneja akavaa miwani ya jua, na kulikuwa na mawingu.

Kazi yenyewe ilikuwa kubeba wagonjwa wa figo. Unamchukua mtu kwake, unampeleka kliniki ya kusafisha damu, anakaa kwenye kiti masaa manne, unamrudisha. Kila mgonjwa ana kiti chake na saa yake. Ukichelewa sana kiti anapewa mwingine, na wako anarudi nyumbani na maji yamemjaa mwilini, miguu imevimba, anapumua kama kapanda mlima na gunia.

Miaka mingi niliendesha ya petroli. Halafu wakanihamishia Springfield, kwenye gereji ya chini ya ardhi yenye hita, humo ndani joto kama chini ya blanketi. Nikakabidhiwa gari la umeme. Mkuu wa gereji alikuwa Mmarekani mmoja mrefu, akiinama kukusalimia unaweza kumaliza chai kabla kichwa hakijafika.

"Mzee, hili linalala na waya," akaniambia. "Jioni unachomeka. Asubuhi, likiwa bado kwenye waya, unawasha joto la ndani, na betri yenyewe inajipasha. Umeme wa kupasha utoke ukutani. Wa kwenye betri ni wa barabara."

"Na nikitaka kulisogeza kidogo?"

"Husogezi. Unachomoa ukiwa unaondoka."

Akanionya na upepo wa tairi: ukiupima humo kwenye joto, geji inakuambia umetosha, ukitoka nje kwenye baridi unasinyaa, kwa hiyo pima tairi likiwa limepoa. Na raba za milango unazipaka mafuta yake maalumu, kitambaa kikavu kikae karibu. Nikaitikia yote. Tatizo, mimi na gari chafu hatujawahi kuelewana.

Mgonjwa wangu wa asubuhi alikuwa Mama Furaha wa Adelphi, Mkongo wa Bukavu, miaka sabini na kitu, anatembelea fimbo. Wiki hiyo theluji ilikuwa imefunga barabara, akakosa kiti chake mara moja. Daktari alishamwambia, akikosa na mara ya pili, atalazwa hospitali.

Nikafika gereji saa kumi alfajiri. Gari limejaa chumvi ya barabarani, jeupe kama limebingirishwa kwenye unga wa ugali. Nikasema hapana, mama wa watu hawezi kupanda kitu hiki. Mashine ilipangiwa imalize kuchaji saa kumi na mbili, mimi nikachomoa, nikalisogeza kwenye bomba la maji ya moto, nikaosha mpaka ndani ya bawaba. Skrini ya mbele ya usukani ikaniambia betri ina maili tisini. Safari yote hamsini. Nikatoka napiga mluzi.

Nje, baridi ya mbwa kuvaa koti. Hapo sijaongeza kitu, huku mbwa wanavaa koti. Nilivyofika Adelphi, yale maili tisini yalikuwa ishirini na nane. Nikashuka, nikavuta mlango wa abiria. Hausogei. Maji niliyooshea yameganda kwenye raba na kwenye reli unakotelezea, mlango umekuwa ukuta.

"Papa, fungula, baridi inaniuwa," akasema Mama Furaha.

"Nafungua, mama yangu."

"Unafungula ama unasukuma nyumba?"

Nikavuta mpaka bega likalia. Wa pembeni ya dereva nao vilevile. Umebaki mlango wangu peke yake.

"Mama, itabidi uingilie huku kwangu."

"Nipite juu ya volani? Na miaka yangu yote hii?" Akanikabidhi fimbo, akapandisha kitenge. "Angalia kule. Mi ni bibi ya watu."

Nikaangalia kule. Akapanda, akaulalia usukani, honi ikalia mara mbili, jirani akafungua dirisha, lakini akaingia.

Tumefika barabara ya mzunguko, nina maili kumi na tisa, kliniki iko maili kumi na nane. Hita inakula betri kama nzige. Mama akaona macho yangu kwenye namba.

"Moto hii ndiyo inakula?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uzime. Mi nataka kufika, hapana kuota."

Nikazima. Akatoa kitenge kingine mkobani, akajifunika, na ncha akanitupia magotini. Nikaendesha polepole upande wa kulia, malori yanatupita yanatupigia honi, vidole vyangu sivijui tena ni vya nani. Mama anasali kwa Kishi, lugha ya kwao, mimi naitikia amina nisichokielewa.

Tukaingia kliniki namba inasoma sifuri. Nesi yuko mlangoni na mgonjwa mwingine, anataka kumpa kiti. Mama Furaha akatoka alikoingilia, honi ikalia tena, nesi akageuka.

"Ile kiti ni yangu," Mama akamwambia, akapita. Huko ndani akageuka kunitazama. "Papa, kesho kutwa ulete motokari ya buchafu."

Gari likabebwa na lori kurudi Springfield. Mkuu wa gereji akainama mpaka akafika.

"Nani alikuambia uchomoe?"

"Uchafu, bosi."

Akanipa taulo la kukaushia raba. Tangu hapo nikiosha ni Jumamosi, gari halitoki mpaka Jumatatu, na raba nazipangusa kama masikio ya mtoto mchanga.

Nimestaafu sasa. Magoti yamekataa, nami nachukuliwa kwa gari la kampuni ileile kwenda kunyooshwa. Dereva ni dada mmoja Mrundi. Baridi ilivyoanza mwaka huu alifika mlangoni kwangu, gari limejaa chumvi toka paa mpaka matairi, huwezi kujua rangi yake. Nikapitisha kidole kwenye raba ya mlango. Kavu.

"Samahani mzee," akasema, "sikupata nafasi ya kuliosha."

Nikampa mkono anishike, nikapanda.