Mama kwa Sheria za Kuwaiti

Wanafunzi wangu wakiniuliza kwa nini nilichagua kufundisha sheria za vita, na hasa vita vya nchi za Kiarabu, huwa nawaambia ukweli: ni kwa sababu ya ziwa la mama yangu. Wanacheka, wengine wanainamisha nyuso. Wacheke tu. Mimi ni binti wa mtaa wa Bahati, hapa hapa Nairobi, na kwetu hatukulelewa kuonea haya jambo la kweli.

Agosti ile majeshi ya Iraki yalipoingia Kuwaiti, nilikuwa nyumbani. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa baada ya wanafunzi kugoma, jambo la kawaida miaka ile, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikimsaidia mama kuchambua muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Redio ya jirani ikatangaza habari ile. Mama akauweka ungo chini.

"Si huko ndiko aliko kijana wetu?"

Nikamwambia ndiko.

Kijana wetu hakuwa wa damu yetu. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, Mkamba kama sisi, na chumba chao kilipakana na chetu, ukuta mmoja. Mama yake alifariki yeye akiwa kitoto kichanga. Tukakua pamoja, mimi naye, umri mmoja, tukipigwa pamoja na kupakwa mafuta pamoja Jumapili kabla ya kanisa. Alilala kwao lakini alikula kwetu. Baadaye mchonga vinyago naye akafariki, kijana akajifunza kuendesha lori, na wakala mmoja akampatia kazi Kuwaiti. Alituletea picha amesimama kando ya lori, miwani myeusi, kifua mbele. Mama aliiweka kabatini katikati ya vikombe vya wageni, mahali ambapo hata picha yangu ya kumaliza shule haikupewa. Sikulalamika. Sawa, nililalamika kidogo.

Sasa zikapita wiki, kimya. Simu hazipiti, barua haziji. Jioni wanawake wa safu yetu ya nyumba walikuwa wakija kumpa mama pole kana kwamba matanga yameshaanza. Mmoja akasema, "Huko kwa Waarabu hakuna sheria, mama. Wewe muachie Mungu."

Jamani, nilichemka! Nikamwambia Waarabu walikuwa wakikatazana kuua wanawake, watoto na wazee vitani, hata kukata mti wenye matunda, karne nyingi kabla ya Wazungu kukaa mezani kule Geneva. Na kwamba Iraki na Kuwaiti zote mbili zimeukubali mkataba wa Geneva unaowalinda raia. Na kwamba ndani ya mkataba huo, mtu aliyeko nchi iliyotekwa ana haki ya kupata habari za jamaa zake na kuwapelekea zake. Haki, si huruma.

"Vita na haki, wapi na wapi?" akacheka yule mama.

Lakini mama yangu hakucheka. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa naye, kwa sababu mpaka siku ile aliamini masomo yangu yote yalikuwa ya kuja kumtoa mtu wa ukoo kwenye kesi ya shamba Machakos. Akasema, "Kesho unanipeleka mahali hiyo haki inatolewa."

Mjini kulikuwa na ofisi moja iliyopokea ujumbe wa familia na kuupitisha hadi nchi za vita. Tulikwenda, mama amevaa nguo ya kanisani. Afisa alikuwa mtu mpole. Akatueleza kwamba ujumbe uwe mfupi, uwe wazi, uwe wa habari za nyumbani tu, na utoke kwa jamaa: mzazi, mke, mtoto au ndugu. Majirani, akasema, wangejaza chumba kizima kwa karatasi.

"Mimi si jirani," mama akasema.

"Basi wewe ni nani wake, mama?"

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akikosa neno. Mwanamke huyu aliwahi kumrudisha askari wa baraza la jiji mbio mpaka barabarani, kwa mdomo tu. Sasa alisimama pale anashika mkoba wake, halafu akageuka na kutoka.

Tulifika karibu na soko la Gikomba ndipo aliposema, bila kuniangalia.

"Nilimnyonyesha."

"Nani?"

"Unafikiri nani? Mamake alipokufa, wewe ulikuwa na miezi michache. Nilikuweka upande huu, yeye upande ule. Hadi meno yakaota, na yeye ndiye aliyekuwa anauma."

Nikamuuliza mbona hajawahi kusema. Akasimama. "Nimwambie nani, na kwa nini? Maziwa hayadaiwi. Mtoto akijua alinyonya kwa jirani, kila sahani ataiona deni. Nataka akija kwangu aje kwa sababu ya njaa yake, si kwa sababu ya shukrani. Wanawake wa safu yetu wote waliahidi kunyamaza, na wamenyamaza. Mtu asije akaanza kufungua mdomo leo."

Lakini kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kukimbia. Tulikuwa tumefundishwa sheria ya familia ya Kiislamu, kwa ajili ya mahakama za kadhi, na nilikumbuka vizuri: aliyekunyonyesha ni mama yako. Wanawe ni ndugu zako, na kuoana ni haramu. Sheria ya Kuwaiti ndivyo inavyosema, na ya Iraki pia. Mkataba wa Geneva nao unasema "familia" na kunyamaza, haukueleza familia ni nani. Nikamweleza mama pale pale kati ya wauza mitumba, nikipiga kelele kidogo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo Kuwaiti mimi ni mama yake, na hapa Nairobi ni jirani tu?"

"Ndiyo."

"Basi hii serikali yetu haina akili."

Nilimburuta hadi Majengo, kwa mwalimu mmoja wa madrasa aliyejulikana kwa kutoa mawaidha ya ndoa. Tulimkuta akiwatuliza watoto waliokuwa wakigombania nafasi kwenye mkeka. Nikamweleza shida yetu. Akamuuliza mama maswali mawili. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili? Na alinyonya mpaka kushiba, walau mara tano?

"Mara tano!" Mama alitaka kumcheka, akakumbuka heshima. "Mwalimu, mara tano ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Hukumwona wewe yule mtoto."

Mwalimu akacheka hadi kofia ikateleza. Akasema basi hakuna shaka, huyo ni mwanao, na huyu binti ni dada yake, wasioane.

"Huyo?" nikasema. "Anakoroma."

Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa Kiarabu, maneno ya kusema mama yake wa kunyonya. Nilikibana mkononi njia nzima. Nilijiona wakili kamili, na koti la mahakamani nilikuwa bado sijalivaa.

Shida ilibaki mama. Alikataa. Ujumbe ule ungefika wazi, kijana angesoma, na siri ya maisha yake yote ingekuwa imetoka. Nilibishana naye siku kadhaa, nikanyamaza, nikabishana tena. Halafu redio ikaanza kueleza wageni wanaokimbia Kuwaiti kupitia jangwani kwenda Yordani, maelfu, wengine bila maji. Mama alisikiliza taarifa nzima akiwa amesimama. Ilipokwisha akavaa tena nguo ya kanisani.

"Afadhali anione namdai akiwa hai," akasema. "Twende."

Safari hii nilizungumza mimi. Nilimpa yule afisa mkataba, nikampa sheria ya Kuwaiti, nikampa ya Iraki, nikamwambia mpokeaji wa karatasi hii, awe wa upande wowote, hatashangaa hata kidogo. Afisa naye hakuwa mjinga. Akakuna kidevu, akasema, "Lakini hata huko, dada, kunyonya hakumpi mtu urithi. Si undugu kamili."

Kabla sijajibu mama akaegemea meza.

"Urithi wa nini? Arithi sufuria zangu? Mimi nirithi lori? Lori ni la tajiri. Mimi nataka kujua kama mwanangu amekula. Nilimnyonyesha na kifua hiki, na leo nimetoa mbele yako siri niliyoifunga tangu azaliwe. Unataka nikuonyeshe?"

Afisa akasema hapana, mama, si lazima, na akatoa karatasi haraka sana. Penye uhusiano akaandika: mama. Chini yake nikanakili yale maneno ya Kiarabu, polepole, kutoka kulia. Mama akanitajia maneno ya ujumbe wenyewe: sisi wazima, uko wapi, kula, usibishane na watu wenye bunduki. Nilitoka katika ofisi ile nikitembea kama niliyeshinda kesi ya dunia nzima, na mpaka leo sijashinda kesi niliyoifurahia kuliko hiyo.

Jibu halikuja. Tulingoja hadi tukaacha kulitaja.

Alikuja yeye mwenyewe, Jumamosi moja karibu na Krismasi, na mfuko mmoja wa plastiki. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka. Watoto ndio waliomwona kwanza, halafu vigelegele vikashika safu nzima. Mama hakupiga kigelegele. Alimkalisha, akampakulia, akamtazama akila mpaka sahani ya pili ikaisha. Majirani walijaa mlangoni. Hapo ndipo kijana alipoanza kusimulia.

Alikuwa kambini Yordani, ndani ya hema, na watu wengi wasiojuana. Siku moja akaja mama mmoja wa Kiarabu, mgawaji wa ujumbe wa familia, akiita majina, akamwita yeye, akamwambia una ujumbe kutoka kwa mama yako.

"Nikamwambia, mama yangu alikufa zamani. Huu si wangu, mtafute mwenyewe. Nikamrudishia hata bila kuusoma."

Mama aliweka mwiko chini.

"Akaondoka. Alikuwa amefika karibu na mlango wa hema, akawa anayasoma maneno ya Kiarabu kwenye ule ujumbe. Akarudi kwa hasira! Akaniambia, wewe kijana, una mama aliyekunyonyesha, yuko hai, anakutafuta katika vita hivi, nawe unamrudisha? Akanisuta mbele ya hema zima. Mimi sikujua hata anasema nini. Ikabidi anieleze, huku ameketi chini, kama anamweleza mtoto. Halafu nikausoma. Niliposoma kwamba nisibishane na watu wenye bunduki, nikajua ni nani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia mama.

"Nimeambiwa na mtu baki, jangwani, kwamba nina mama. Mbona hukuniambia wewe?"

Mama akafuta mikono kwenye leso, akaifuta tena.

"Ningekuambia, ungefikiri nakudai."

"Basi nidai."

Niliona kidevu cha mama kikicheza, nikajua analia, na nikajua hatakubali tumwone. Akanyoosha mkono, akaonyesha mitungi miwili pembeni.

"Kachote maji," akasema. "Yote miwili. Na usiniletee nusu."

Dereva wa Kuwaiti akainuka, akachukua mitungi, watu wakampisha. Mama akamfuata hadi mlangoni, akasimama mikono kiunoni, akimtazama anavyoelekea mferejini na fulana yake iliyochakaa. Na kila mwanamke aliyepita pale jioni ile, aliyejua na asiyejua, mama alimwambia kwa sauti, bila kuulizwa: "Unamwona yule? Ni mwanangu. Nilimnyonyesha mwenyewe."