Filamu ya Heshima

Wifi yangu ni fundi cherehani, lakini ukitaka kumuudhi ishia hapo hapo, maana yeye anajihesabu pia kuwa hakimu wa filamu. Jina la Hakimu nilimpa mimi, tena kwa kumkejeli. Likampendeza, likaganda. Ndivyo alivyo huyo mwanamke. Ukimrushia jiwe analigeuza kiti, analikalia.

Aliolewa na kaka yangu akiwa na cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu na maneno mengi. Kaka yangu ni dereva wa lori, mtu wa safari, na akiwepo nyumbani analala. Basi chumba cha mbele kikawa mahali pa kazi pa wifi: meza ya kukatia, pasi, kabati la vitambaa, vipande vya nguo mpaka kwenye kona za dirisha, na juu ya kabati, televisheni. Kaka aliinunua ili imwondolee mkewe upweke. Ikawa inawashwa asubuhi pamoja na pasi na kuzimwa jioni pamoja na pasi. Binti yao alitambaa, akasoma na kukua katikati ya sauti za filamu na mlio wa cherehani. Mimi ndiye shangazi yake, na sina mtoto mwingine wa kumdekeza, kwa hiyo mnielewe nikisema habari hii ilinigusa mpaka kwenye mifupa.

Alasiri, watu wakitoka makazini, tulikusanyika hapo. Alikuwepo nesi wa nyumba ya pili, na fundi televisheni tuliyemwita Antena, ambaye ndiye aliyetuletea filamu zilizotiwa sauti za Kiswahili, zimejaa kwenye flashi aliyoining'iniza shingoni. Kila mtu na ugonjwa wake. Nesi anapenda filamu za mizimu. Anasema kazini wanaomsumbua ni wazima, kwa hiyo wafu wanampumzisha. Antena anataka magari yaruke kutoka ghorofani. Mimi nataka ngumi. Sitaki filamu ya watu waliokaa mezani wakiambiana yaliyowauma, hayo nayapata bure katika ukoo wetu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Tukishabishana mpaka koo zikauke, hukumu ilikuwa ya wifi, naye alihukumu kwa lugha ya kazi yake. "Hii imekatwa na fundi, imeshonwa na mlevi." Au, "Hii bitana tupu, nguo yenyewe iko wapi?" Filamu moja ya upelelezi, ambayo Antena aliisifu wiki nzima, yeye aliimaliza kwa sentensi moja: "Muuaji anaonekana tangu kwenye kola." Antena alinuna, lakini kesho yake alirudi na nyingine.

Na huku akihukumu hivyo, hakuacha kushona. Cherehani yake ilielekea dirishani kwa ajili ya mwanga, na televisheni ilikuwa nyuma ya bega lake. Jambo hilo nililiona kila siku na sikulifikiria hata siku moja. Ningelifikiriaje? Maneno ya filamu aliyajua kuliko sisi tuliokodoa macho. Hata yale ya kuonwa aliyasimulia. Siku moja alisema yule jambazi mkuu ana kovu shavuni. Mimi sikuwa nimeliona kovu lolote. Nikaenda kupimwa macho.

Basi binti akapata mchumba, kijana mpole wa maabara anayezungumza kama anaogopa kuvunja chupa. Wazazi wake wakatuma neno kwamba watakuja kututembelea, watuone na sisi tuwaone, ndipo watoe jibu la mwisho. Baba alikuwa mhasibu mstaafu. Mama alikuwa mkunga mstaafu, na nesi aliposikia ni nani, alikaa chini bila kutafuta kiti, akakalia kitambaa cha mteja.

"Huyo mama ndiye aliyenifundisha kazi," alisema. "Akikutazama, unakumbuka makosa ambayo hujayafanya bado."

Akatuambia pia kwamba mwana mkubwa wa mkunga huyo alipotaka kuoa, mama alikwenda ukweni, akanywa kikombe kimoja cha chai, akarudi nyumbani akasema hapana. Mpaka leo hakuna anayejua aliona nini. Binti yetu aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Alituita mimi na mama yake chumbani, akafunga mlango.

"Mama, shangazi, nawaomba. Huyu nampenda. Msiniharibie."

Nikamwambia sisi tangu lini tukaharibu kitu.

Siku chache kabla ya ugeni, mkunga akapiga simu mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba nyumba yetu ni ya wapenzi wa filamu, na yeye pia, tangu astaafu, hana starehe nyingine. Kwa nini tukae tunatazamana kama wagonjwa kwenye foleni? Tuchague filamu moja nzuri, ya kutazamwa na watu wazima na wakwe, tuitazame pamoja. Tutajuana humo humo.

Alasiri ile baraza letu liliwaka moto. Nesi akapendekeza filamu ya nyumba yenye mizimu, akisema wakwe wakiogopa pamoja watapendana. Antena akatoa moja ya magari ambayo, kwa maneno yake, ilikuwa safi, wanakufa watu wabaya tu. Mimi nikataja yangu ya ngumi, mhusika mkuu anapigania jina la mama yake, kuna heshima gani zaidi ya hiyo? Wifi alituacha tuseme. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Ile ya mjane wa duka la maua," akasema. "Mjane, binti yake anayekwenda kusoma mbali, na yule bwana anayewaletea maua. Filamu ya heshima. Hakuna tusi, hakuna bunduki, mtu hapandishi hata sauti. Pale katikati kuna muziki laini, mjane na yule bwana wanatembea bustanini, basi."

"Una hakika?" aliuliza Antena. "Mimi ile nimeigawa tu, sijaikalia."

"Nimeirudia msimu mzima wa sare za shule. Unaniuliza mimi?"

Mimi na nesi hatukuwa tumeiona. Filamu ya maua, nani akaitazame? Tukakubali.

Wageni walikuja Jumapili mchana, wazazi peke yao, kijana amebaki nyumbani. Tulikuwa tumehamishia televisheni sebuleni, Antena akabaki pembeni kulinda nyaya, nesi akawa jikoni na binti. Mhasibu alikuwa mzee mtaratibu, suruali imenyooka kwa pasi kama karatasi mpya. Mkunga alikuwa mdogo wa umbo. Nilitegemea jitu. Aliketi katikati ya kochi, akasifu juisi, akasifu mapazia, akauliza nani aliyeyashona. Wifi akajibu kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuujua kwake. Kaka yangu alikaa kwenye kiti chake, na filamu ilipoanza tu, akalala.

Ilianza vizuri, nikiri. Mjane anauza maua, binti anasoma, watu wanaongea kwa adabu. Mkunga alitikisa kichwa kwa kuridhika mara kwa mara, na kila alipotikisa, wifi alinitupia jicho la ushindi. Muziki laini ukaanza. Wifi akainamia wageni.

"Hapa sasa wanakwenda bustanini," aliwaambia.

Hawakwenda bustanini. Walikwenda chumbani, wakafunga mlango, na kamera, badala ya kubaki nje kama mtu mwenye malezi, ikaingia nao. Vifungo vikaanza kufunguliwa. Hakuna aliyesema neno, si kwenye filamu wala sebuleni. Mhasibu aligundua dari yetu, akaichunguza ubao mmoja baada ya mwingine. Wifi alinyakua rimoti na kubonyeza, na muziki ukapanda mpaka vikombe vikatetemeka. Hapo ndipo kaka yangu alipoamka.

"Wanafanya nini hawa?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kwa mwili wangu ingebidi ipasuke sana. Badala yake niliinuka na sinia, nikasimama mbele ya televisheni. Mungu alinipa upana huu, na siku hiyo nilijua sababu.

"Nani anataka juisi?" niliuliza.

Glasi zote zilikuwa zimejaa. Nyuma yangu muziki uliendelea, na nyuso za waliokuwa mbele yangu zilinieleza kwamba upana wangu haukutosha kila upande. Mwishowe Antena aling'oa waya ukutani. Mlangoni mwa jikoni nilimwona binti, ameshika sahani ya biskuti, machozi yamemjaa.

Mkunga aliweka glasi chini. "Filamu hii aliichagua nani?"

"Mimi," alisema wifi.

"Ulikuwa umeitazama?"

Nikaona shimo lilivyokaa. Akisema ndiyo, basi ni mwanamke aliyewaandalia wakwe zake mambo yale kwa makusudi, na ndoa ya binti ndiyo imetoka. Akisema hapana, basi hukumu zake zote za miaka yote, bitana, kola na walevi, zilikuwa hewa tupu, tena mbele ya Antena na nesi ambao wangemtania mpaka kaburini. Namjua wifi yangu. Alishawahi kukosana na dada yake kwa sababu ya mwisho wa filamu. Alimtazama binti yake mlangoni.

"Sijaitazama, mkwe," alisema. "Nimeisikia."

"Umeisikia vipi?"

"Macho yangu yako kwenye sindano. Nikiyainua, inaingia kidoleni." Akanyoosha kidole chenye makovu madogo madogo. "Nasikia maneno, na mahali wasipoongea najazia mwenyewe. Nilisikia muziki, nikajua ni bustani. Na si hii peke yake."

"Zipi nyingine?" aliuliza Antena kutoka pembeni.

"Zote."

"Zote?"

"Nimesema zote. Unataka nishone bango?"

Sikuweza kujizuia. "Na lile kovu la jambazi?"

"Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kovu," alijibu, akainamisha kichwa.

Mhasibu alikohoa ndani ya leso, na kikohozi kile kilikuwa na kicheko ndani yake. Mkunga hakucheka. Alimtazama wifi kwa yale macho aliyotuambia nesi.

"Mficha uchi hazai," alisema hatimaye. "Na mimi hilo nalijua kwa kazi. Kijana, rudisha waya. Anzeni mwanzo. Na wewe, mkwe, njoo ukae hapa karibu yangu, mikono mapajani."

Wifi alikwenda kukaa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mwanzoni mikono yake haikujua la kufanya; ilikuwa ikikunja ncha ya kitenge, ikifungua, ikikunja tena. Mkunga aliishika. Kisha yakaanza maajabu. "Kumbe mjane ni mfupi hivi?" "Kumbe duka lenyewe liko ngazini?" Muziki ulipoanza, mhasibu aliinuka bila kuambiwa, akamwomba kaka yangu amwonyeshe lori, na Antena akawafuata mbio. Tukabaki wanawake, na mkunga akaeleza kwa utulivu kwamba walioongoza ile filamu hawajui mwili wa mtu unavyopinda.

Karibu na mwisho pakawa na kimya kirefu. Binti wa filamu anaondoka kesho yake, na mama yake anamfungia sanduku. Anakunja gauni, analiweka. Analitoa, analikunja upya. Anatoa zote, anaanza tena, ili lile sanduku lisijae. Haneni kitu.

"Hapa," alisema wifi taratibu, "mimi siku zote hudhani filamu imekwama. Humgombeza Antena."

Alikuwa analia. Mimi pia nililia, na filamu haikuwa na ngumi hata moja. Binti yetu alikuwa amekuja kukaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, na wifi alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimtazama mtu yeyote bila utepe wa kupimia mkononi.

Mkunga alisubiri mpaka majina yakaanza kupanda kwenye skrini.

"Gauni la bibi harusi atashona nani?"

Wifi alifuta uso haraka. "Mimi. Nani mwingine?"

"Hapana," alisema mkunga. "Ashone fundi mwingine. Ukishona wewe, siku ya harusi utakuwa unakagua mshono wako, na mwanao atapita mbele yako hujamwona. Wewe siku hiyo nataka utazame."

Binti alificha uso kwenye magoti ya mama yake. Jibu ndilo hilo tulilokuwa tukilisubiri, na nesi aliliitikia kwa kigelegele kutoka jikoni. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe kwetu, wifi hakuwa na hukumu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama angalau vifungo ataruhusiwa kuvishona.